Barua ya wazi: Kila tarakimu ya Kasongo na Kabambare iwe na mwenyewe

Kwa:
Mkuu wa Divisheni ya Jimbo ya Afya ya Maniema, Kindu;
Madaktari wakuu wa zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila;
Wasimamizi wa Mfumo wa Taifa wa Habari za Afya (SNIS), Kinshasa.

Kuhusu: Saraka moja ya watumishi wa afya, na kuingia katika DHIS2 kwa jina la mtu badala ya jina la ofisi.

Waheshimiwa,

Naomba jambo moja, nami naliomba hadharani kwa sababu linamgusa kila anayefanya kazi ya afya kusini mwa jimbo letu. Kila mtumishi anayejaza, kusahihisha au kusoma takwimu katika DHIS2, programu ya taifa ya takwimu za afya, awe na jina lake mwenyewe la kuingilia na neno lake mwenyewe la siri. Majina hayo yatunzwe katika saraka moja ya jimbo, na kila programu ya mtandaoni tunayotumia iulize saraka hiyo kabla ya kumfungulia mtu.

Wengi wenu mmeiona hali ilivyo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akaunti ilikuwa moja na mikono iliyoitumia ilikuwa mingi: mtunza data, muuguzi msimamizi, mtu wa chanjo, na stajiere aliyekuja kusaidia ripoti zilipochelewa. Neno la siri liliandikwa nyuma ya kalenda ya ukutani. Mtunza data akahamishwa, akaondoka nalo kichwani na kwenye simu yake, na akaunti ikaendelea kufunguka kwake kama zamani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Akaunti mpya ilichukua muda mrefu kupatikana, na ripoti ya mwezi haimngoji mtu.

Hebu tuifuate ripoti hiyo. Mwisho wa mwezi muuguzi mkuu wa kituo anakaa na rejista zake na kuhesabu: wagonjwa wa malaria, wajawazito waliopimwa, watoto waliochanjwa, waliozaliwa, waliofariki. Anajaza kanva, yaani fomu ya ripoti ya mwezi ya SNIS, kwa kalamu. Karatasi inapanda pikipiki hadi ofisi kuu ya zoni, pengine baada ya kuvuka Luama, na huko inaingizwa katika DHIS2. Tangu saa hiyo Kindu na Kinshasa wanaiona tarakimu ileile. Na DHIS2 inahifadhi, ubavuni mwa kila tarakimu, jina la akaunti iliyoiandika na saa iliyoguswa mara ya mwisho. Upande wa programu, kazi imekwisha kufanyika. Upande wetu, programu inapouliza jina la mtu tunaipa jina la ofisi.

Sasa tuseme kanva inaonyesha wagonjwa 40 wa surua na kwenye skrini wamebaki 4. Daktari mkuu wa zoni anataka kumpigia simu aliyeingiza. Ampigie nani? Akaunti inamjibu jina la zoni yake mwenyewe. Anaanza kuulizia ofisini, kila mtu anakumbuka kivyake, siku zinapita, na surua haikai kusubiri. Nchi yetu inaujua ugonjwa huo vizuri: tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 walioshukiwa kuwa na surua na zaidi ya vifo 6,000. Katika mlipuko kama huo, tarakimu ya kituo kimoja cha Lusangi ndiyo inayoamua gari la chanjo liende wapi kwanza.

Kusini mwa Maniema hatupaswi kufundishwa thamani ya rejista. Miaka ya 1970, Kasongo ilikuwa mahali ambapo madaktari wa nchi hii na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp walijaribu mpangilio ambao baadaye taifa zima liliufuata: hospitali moja, vituo vya afya vinavyoizunguka, na watu wa eneo wanaojulikana kwa hesabu. Mwaka 1981 kikundi cha Mradi wa Kasongo kilichapisha katika jarida la Lancet utafiti wake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Matokeo yake yalijadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi baadaye. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu mtoto wa Kasongo alikuwa ameandikwa: alijulikana alichanjwa au hakuchanjwa, yu hai au amefariki. Wazee wetu wa kazi walifanya hayo kwa karatasi na kalamu. Sisi tuna seva, tuna simu, tuna umeme wa sola, na bado hatuwezi kusema nani aliandika tarakimu ya mwezi uliopita. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo takwimu ya afya ni mali.

Kuna jambo jingine, nalo ni la fedha. Maniema ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoingizwa katika mradi wa PDSS wa Benki ya Dunia, ambamo malipo ya kituo yalifuata idadi na ubora wa huduma zilizotolewa. Mahali ambapo idadi inaleta malipo, swali la nani aliyeandika idadi hiyo litaulizwa tu, leo au kesho. Na swali hilo likiulizwa juu ya akaunti ya watu watano, anayeumia kwanza ni mdogo wa ofisi. Muuguzi kijana anaambiwa ameongeza wajawazito, naye hana njia ya kuonyesha kwamba siku ile alikuwa Samba kwenye usimamizi. Jina lake mwenyewe la kuingilia lingemtetea. Ndiyo maana nasema kwamba ombi hili ni la kumlinda mfanyakazi kabla ya kuwa la kumsimamia.

Sheria nayo imekwisha kusema. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya kupanga afya ya umma. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ndiyo kodi yetu ya mambo ya kidijitali, imeweka wajibu wa kulinda habari za watu binafsi. Habari za ugonjwa wa mtu ni miongoni mwa zile zinazotaka ulinzi mkubwa zaidi. Huwezi kusema unazilinda ikiwa hujui nani anazifungua.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe ya saraka, maana nimesikia wakubwa wengine wakidhani ni programu ya gharama inayotaka mafundi kutoka ng'ambo.

Saraka ni orodha ya watu iliyopangwa kwa ngazi: jimbo juu, zoni chini yake, na ndani ya kila zoni watumishi wake. Kila mtu ana kiingilio chenye jina lake, kazi yake, simu yake, na neno lake la siri likiwa limesagwa kihesabu kiasi kwamba hata msimamizi hawezi kulisoma. LDAP ni kanuni ambayo programu nyingine zinatumia kuiuliza orodha hiyo maswali. Ilitokea katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1993, kama njia nyepesi ya kufikia saraka za X.500, kanuni nzito ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1988. Toleo la 3, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, lilitoka mwaka 1997. Programu ya OpenLDAP inayoendesha saraka ya namna hii haiuzwi. Mtu anaipakua na kuitumia, kama vile DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo isivyouzwa. Orodha ya watumishi wa jimbo zima inaenea katika kompyuta ya kawaida kabisa.

Mtu anapoingia, mambo huenda hivi. Muuguzi msimamizi wa Kabambare anafungua DHIS2 na kuandika jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Seva ya DHIS2 haina neno hilo popote. Kwanza inajitambulisha kwenye saraka kwa akaunti yake ya huduma, akaunti ambayo inaruhusiwa kusoma tu, na kuuliza: kati ya watumishi, nani ana jina hili? Saraka inarudisha anwani kamili ya mtu mmoja. Kisha seva inaifuata saraka mara ya pili, safari hii kwa anwani ya muuguzi pamoja na neno la siri aliloandika. Saraka ikikubali, amethibitishwa. Ikikataa, anabaki nje. Upande wa DHIS2, mipangilio yake ni mistari mitano ndani ya faili la dhis.conf: mahali saraka ilipo, akaunti ya huduma, neno la siri la akaunti hiyo, tawi la kuanzia kutafuta, na kichujio cha jina. Baada ya hapo, ndani ya akaunti ya kila mtumishi wa DHIS2, kinajazwa kitambulisho chake cha LDAP.

Faida yake inaonekana siku ya kuondoka. Mtumishi akihamishwa, akistaafu au akifariki, kiingilio chake kinafungwa mahali pamoja, na programu zote zinazouliza saraka zinamkataa siku hiyohiyo. Leo kazi hiyo inataka mtu akumbuke kila mfumo: ule wa ripoti, ule wa dawa, ule wa malipo, ule wa hospitali. Kukumbuka kila kitu ni mzigo ambao ofisi yenye watu wachache haiwezi kuubeba.

Sasa nitoe maombi yetu moja baada ya jingine, kwa sababu saraka iliyowekwa ovyo inaweza kutuletea taabu kubwa kuliko ile ya kalenda ya ukutani.

Ombi la kwanza: mtu atambuliwe kwa namba isiyobadilika na isiyopewa mwingine kamwe. Kusini mwa Maniema jina halitoshi. Katika zoni moja mtakuta Ramazani watatu, Salumu wawili, na Asumani ambaye kwenye barua ya kuajiriwa ni Assumani na kwenye kadi ya uchaguzi ni Osumani. Mkitengeneza majina ya kuingilia kwa kuunganisha herufi ya kwanza na jina la baba, baada ya mwezi mmoja mtakuwa mnaongeza 1, 2 na 3 mwishoni, na ripoti ya mmoja itasomwa kama ya mwenziwe. Msitumie matrikule ya serikali vilevile. Wengi wanaobeba vituo vyetu mabegani ni wale wanaoitwa N.U., watumishi wapya ambao bado hawana matrikule ingawa kazi wameifanya kwa miaka. Saraka itakayowaacha nje itawarudisha kwenye akaunti ya kuazimana, na tutakuwa tumejenga kitu kizuri kwa ajili ya nusu ya watu.

Ombi la pili: orodha iwe chini ya ofisi ya utumishi ya Divisheni, na fundi wa kompyuta awe mtumishi wake. Anayejua kwamba muuguzi fulani amepelekwa Saramabila ni yule aliyesaini barua ya kumpeleka. Basi barua hiyo, palepale inaposainiwa, ifungue au ihamishe kiingilio chake. Na akitoka kazini, barua ya kumtoa ikifunge. Fundi akiachiwa kazi ya kuamua nani ni mtumishi, ataamua kwa kusikia sikia.

Ombi la tatu: ofisi kuu ya kila zoni ipewe mamlaka ya kubadilisha neno la siri la watu wake, na wa kwake tu. Kanuni za ruhusa za OpenLDAP zinaweza kugawa jambo hilo tawi kwa tawi: mtunza data wa Kabambare anagusa tawi la Kabambare, hawezi kugusa la Kasongo. Hilo ni la lazima. Muuguzi aliyesahau neno lake la siri huko Saramabila, mahali ambapo barabara na usalama havitabiriki, hawezi kungojea jibu la Kindu wala la Kinshasa. Akingojea, ataazima akaunti ya jirani, na hapo tumerudi tulikotoka. Kila badiliko la namna hiyo liandikwe pia: nani alibadilisha, la nani, saa ngapi.

Ombi la nne: tusichanganye kumtambua mtu na kumpa ruhusa. Saraka inajibu swali moja tu, kama huyu ndiye kweli. Swali la anaruhusiwa nini, na kwa vituo vipi, linabaki ndani ya DHIS2, katika majukumu na maeneo aliyopewa kila mtumiaji. Kwa hiyo siku tutakayounganisha saraka, tufanye na usafi wa ruhusa. Muuguzi msimamizi anahitaji kusoma zoni yake yote. Mtu wa chanjo anahitaji kujaza fomu za chanjo. Stajiere anahitaji akaunti yenye tarehe ya kwisha. Anayehamishwa kutoka Kunda kwenda Lusangi jina lake libaki lilelile, na vituo anavyoviona vibadilishwe.

Ombi la tano: mazungumzo kati ya programu na saraka yapite kwenye njia iliyofichwa, na programu ijaribiwe mbele yetu. LDAP ya kawaida hupita kwenye mlango namba 389 na, bila ulinzi, hubeba neno la siri wazi kiasi kwamba yeyote aliyekaa katikati analisoma. Itumike njia ya LDAPS, mlango namba 636, au ulinzi wa TLS uwashwe kabla ya neno lolote kutumwa. Faili lenye mistari mitano niliyoitaja lina neno la siri la akaunti ya huduma, basi lisomwe na seva peke yake. Halafu kuna mtego ambao wakubwa wanapaswa kuujua kwa sababu ni rahisi kuupima hata kwa asiye fundi. Kanuni ya LDAP inaruhusu saraka kujibu "sawa" inapopokea anwani sahihi ya mtu pamoja na neno la siri tupu. Maana ya jibu hilo ni kwamba imempokea kama mgeni asiyejulikana. Programu iliyoandikwa bila uangalifu huichukua "sawa" hiyo kuwa uthibitisho, na mtu anaingia kwa jina la daktari mkuu bila kuandika chochote. OpenLDAP inakataa jambo hilo mpaka liruhusiwe makusudi, lakini saraka zote haziko hivyo. Basi kabla ya kupokea programu yoyote, fundi akae mbele yetu ajaribu neno tupu, neno baya, na alama ya nyota au mabano mahali pa jina. Yote hayo yakataliwe.

Ombi la sita linahusu mtandao, na hapa lazima tuongee kwa usahihi, maana wengi husema saraka haiwezekani Kasongo kwa kuwa mtandao unakatika. Muuguzi wa Kabambare hazungumzi na saraka; anazungumza na programu, na programu ndiyo inayozungumza na saraka. Kwa DHIS2 ya taifa, basi, nakala ya saraka inapaswa kukaa karibu na seva ya DHIS2. Mtandao wa Kabambare ukikatika, muuguzi hawezi kuifikia DHIS2 kwa vyovyote, saraka iwepo au isiwepo. Hatumwongezei shida yoyote.

Hali inabadilika kwa programu inayoendeshwa ndani ya hospitali, kwenye mtandao wa ndani usiohitaji intaneti. Hospitali kuu ya Kasongo au ya Kabambare ikiwa na programu ya namna hiyo, kwa kuandikisha wagonjwa au kutunza dawa, haiwezekani mgonjwa angoje kwa sababu kiungo cha Kindu kimekatika. Hapo iwekwe nakala ya kusoma tu ya saraka, kwenye kompyuta ndogo inayotumia sola. OpenLDAP ina njia ya kunakili: nakala inafuata mabadiliko ya saraka kuu kiungo kikiwepo, na kikikatika inaendelea kujibu kwa yale iliyonayo mpaka kirudi. Lakini tuseme ukweli wote: mtu aliyefungwa Kindu wakati kiungo kimekatika ataendelea kukubaliwa Kasongo mpaka nakala ipate habari. Kwa hiyo msimamizi wa hospitali lazima aweze kumzuia mtu ndani ya programu yenyewe, papo hapo. Na simu zenye programu ya DHIS2 ya kufanyia kazi nje ya mtandao zina jambo lilelile: mtu aliyekwisha kuingia mara moja anaweza kuifungua tena bila mtandao, na takwimu zimo ndani ya simu. Kufunga akaunti hakutoshi. Simu ya kazi irudishwe na kufutwa.

Umeme pia una lake. Kompyuta ya zamani ambayo batri yake ndogo ya saa imekufa, umeme ukikatika inaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Cheti cha ulinzi cha saraka kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine yenye saa iliyopotea inakiona cheti kizima kuwa batili, na watumishi wote wanakataliwa asubuhi moja bila mtu kuelewa sababu. Batri hiyo ni ya bei ndogo sana. Iwekwe mpya, saa ipangwe kujirekebisha yenyewe mtandao unaporudi, na tarehe ya kwisha kwa cheti iandikwe kwenye ratiba ya Divisheni pamoja na tarehe za mikutano, ili mtu awe na jukumu la kukibadilisha kabla.

Najua hoja kubwa itakayoletwa: tukiweka funguo zote mahali pamoja, mwizi naye atazikuta mahali pamoja, na saraka ikianguka wote tutabaki nje. Hoja hii ni ya haki na inataka jibu la vitendo. Kwanza, saraka iwe na nakala zaidi ya moja, katika miji tofauti, na akiba yake ijaribiwe kwa kuirejesha kweli, maana akiba ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni akiba. Pili, kila programu ibaki na akaunti mbili za dharura zisizotegemea saraka. Maneno yake ya siri yawe ndani ya bahasha iliyofungwa, moja kwa mkuu wa Divisheni na moja kwa daktari mkuu wa zoni, na kila bahasha inapofunguliwa iandikwe sababu. Tatu, saraka isifunguliwe kwa intaneti nzima. Iongee na seva zinazojulikana peke yake. Yakifanyika hayo, hatari inayobaki ni ndogo kuliko ya leo, ambapo funguo zimesambaa kwenye karatasi na simu ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu.

Watu wengine watasema tungoje Kinshasa. Nchi ina zoni za afya 519, na mfumo wa DHIS2 ni wa taifa; ni kweli kwamba mistari ile mitano itaandikwa na anayeishika seva. Ndiyo sababu barua hii imewaendea na wasimamizi wa SNIS. Lakini orodha safi ya watumishi haiwezi kutengenezwa Kinshasa. Nani anafanya kazi katika kituo gani cha Kunda, nani ni N.U., nani alihama mwaka jana na jina lake bado linaonekana, hayo yanajulikana hapa. Maniema ina zoni 18. Sita za kusini zikileta orodha zilizokamilika, zimetoa theluthi moja ya kazi ya jimbo.

Napendekeza basi tuanze na zoni mbili, Kasongo na Kabambare. Kasongo ina mji, ina mafundi wachache, na ina historia ya kuandika. Kabambare ina umbali, mtandao dhaifu na watu wanaohama kwa sababu ya usalama; kitakachofanya kazi Kabambare kitafanya kazi popote. Hatua ya kwanza ni orodha ya karatasi, iliyosainiwa na daktari mkuu wa kila zoni. Ya pili ni saraka ya majaribio, ikiunganishwa na DHIS2 ya mafunzo, ili makosa yafanyike mahali yasipodhuru takwimu za kweli. Ya tatu ni kuwapa watu majina yao na kuwafundisha kwa Kiswahili, ana kwa ana, pamoja na kuwaeleza kwa nini mtu haazimi neno la siri hata kwa mkubwa wake. Ya nne ni kufunga akaunti za ofisi. Hatua hii ya nne isirukwe wala isiahirishwe; akaunti ya ofisi ikiachwa wazi "kwa muda", watu wote watarudi humo.

Na wakubwa waanze wenyewe. Daktari mkuu anayempa katibu neno lake la siri ili amsomee takwimu anabomoa kazi yote kwa siku moja, maana walio chini wanafuata wanachokiona.

Waheshimiwa, tunaomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya mapitio ya jimbo yajayo, na mtujibu kwa maandishi mambo matatu: ofisi gani itakuwa na dhamana ya saraka, nani Kinshasa atapokea ombi la kuiunganisha na DHIS2, na lini zoni za Kasongo na Kabambare zitaanza majaribio. Upande wetu, tunaotunza data kusini tuko tayari kuandaa orodha ya watumishi kituo kwa kituo, kwa namba, kazi na tarehe ya kuanza, na kuwakabidhi madaktari wakuu waisahihishe na kuisaini. Kazi hiyo haihitaji bajeti, na tunaweza kuianza kabla jibu lenu halijafika.

Wenu katika kazi,

Mtunza data wa afya,
Kusini mwa Maniema